Kushusha Panzi Sentimita Sita

Gari lililoitwa Panzi lilipita juu ya matuta saba bila kuyumba. Magurudumu yalipanda na kushuka kama miguu ya mtu anayekimbia ngazini, lakini bodi lilikwenda sawa, utadhani limening'inizwa kwa kamba. Juu ya dashibodi kulikuwa na kikombe cha chai ya rangi, kimejaa hadi ukingoni. Fundi Ambakisye alifika mwisho wa uwanja wa gereji yake, akafunga breki, akakitazama. Halikumwagika hata tone.

"Nilikwambia nini?" Sekela alipaza sauti kutoka kivulini. "Kunywa chai yako, fundi, kabla haijapoa!"

Sekela aliuza vipuri sokoni Mwanjelwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vicheko vingi, lakini hakuwa na tabia ya kuuza kitu kibovu. Kitu alichokuwa ameleta siku ile kiliitwa shokapu-fahamu. Ndani yake mlikuwa na mafuta yaliyochanganywa na unga wa chuma. Umeme ukipita mafuta yanakuwa mazito kama uji, ukikatika yanakuwa mepesi kama maji. Chini ya bampa lilikaa jicho lililosoma barabara hatua ishirini mbele. Kati ya jicho na mafuta kulikuwa na ubongo wa ukubwa wa kiberiti, ulioamua mara elfu moja kwa sekunde kila mguu wa gari uwe mgumu au laini kiasi gani.

Ambakisye aliishia darasa la sita. Ubongo wa kiberiti hakuuamini sana. Aliamini kikombe. Tangu zamani mafundi wa Mbeya walikuwa na desturi yao: gari likishushwa kimo halikabidhiwi kwa mwenyewe mpaka chai ipite matuta saba. Bosi wake alimfundisha hivyo kwa makofi, na yeye hakuwahi kuuliza swali la pili.

Alikuwa ameona kitu kidogo, hata hivyo. Uso wa chai ulikuwa na vijikunjo vyembamba vinavyokimbia, kama ngozi ya maziwa yanayopoa. Aliviona, akajiambia chai haijamwagika, akainywa.

Hakulishusha Panzi kwa ajili ya urembo. Vijana walishusha magari yao ili wapite mtaani matumbo yanakwaruza lami, hiyo ni akili yao. Yeye alikuwa na mgonjwa. Mkewe Tumpale alikuwa na uti wa mgongo uliochakaa, na dawa yake ilikuwa ng'ambo ya mlima Loleza, katika kliniki moja tu. Kila Alhamisi walimchoma ute-neva, ute wenye chembe hai zinazoshona neva upya. Chembe zile zililishwa kila wiki kama kuku. Zikikosa Alhamisi tatu mfululizo zinakufa, na Tumpale hatasimama tena. Na kulikuwa na sharti jingine: mgongo uliokaza haupigwi sindano. Mgonjwa akifika misuli imejikunja, anarudishwa nyumbani.

Barabara ya juu ya mlima ilikuwa saa tatu za makorongo na kona. Wiki iliyopita walikuwa wameipita, na Tumpale alifika amekaza kama ubao, akarudishwa. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya kwanza kukosa.

Barabara ya chini ilipita ndani ya mlima, dakika kumi na nane tu. Waliichimba kwa ajili ya vitoroli, vile vyombo bapa vinavyojiendesha, na ili kuokoa gharama wakaacha dari likawa fupi. Mlangoni kulikuwa na mwanga mwekundu kwenye kimo cha mita moja na sentimita arobaini. Ukiukata mwanga, lango halifunguki. Tumpale hakuweza kukaa wima kwenye kitoroli. Alihitaji kulala kwenye kiti ambacho Ambakisye alikuwa amemtengenezea ndani ya Panzi. Na Panzi lilikuwa na mita moja na arobaini na sita.

Sentimita sita. Asiyejua kazi ataona ni kidogo. Lakini gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda linapokutana na jiwe. Ukilishusha gari umeiba nafasi hiyo, na springi fupi lazima iwe ngumu, la sivyo bodi litagonga chini. Springi ikiwa ngumu, jiwe linapita moja kwa moja mpaka kwenye makalio ya abiria. Ambakisye alijaribu springi za kukata, akazitoa siku hiyo hiyo. Akajaribu mifuko ya upepo, nayo ikamyumbisha mtu kama mlevi. Ndipo akamwita Sekela.

Alhamisi asubuhi alimlaza Tumpale kwenye kiti, wakaenda. Mwanga mwekundu ulipita juu ya paa bila kuguswa. Lango likafunguka.

"Kiko wapi kilio chako, mama Lugano?" Ambakisye alisema akicheka. "Tunaelea."

"Usijisifu bado. Endesha."

Kweli walielea. Taa za dari zilipita juu yao moja moja, na hakuna tuta wala shimo lililosikika.  Katikati ya mlima Tumpale akamshika bega, na kucha zake zikapenya shati.

"Nini?"

"Endesha tu, tufike."

Daktari alipapasa mgongo kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Umekaza kuliko wiki iliyopita. Hakuna sindano. Ilikuwa Alhamisi ya pili kukosa.

Nje ya kliniki Ambakisye alilipiga teke tairi la gari lake mwenyewe. "Haiwezekani! Nimelipima. Chai haikumwagika hata tone!"

"Mimi si chai, baba Lugano," Tumpale alisema.

Alikuwa amelala ubavu, jasho limemlowesha shingo. Akasubiri mumewe amalize hasira zake, kisha akamwambia aweke kiganja chini ya kiti na kuwasha gari. Ambakisye akaweka. Shokapu-fahamu zilikuwa zimeamka, zinajiandaa kwa safari, na chini ya kiganja chake palikuwa na mtetemo mwembamba, wa haraka, kama mnyoo anayetembea ndani ya bati.

"Huu naujua," Tumpale alisema. "Nimeulea mimi."

Ambakisye alijua kwamba mkewe alifanya kazi miaka sita Iyunga, kwenye nyumba ya viti. Mtaa mzima ulijua. Kampuni iliajiri watu, ikawakalisha kwenye viti vinavyotikiswa na mashine, ikawachezea barabara za dunia nzima moja baada ya nyingine. Waliitwa waonja njia. Kazi yao ilikuwa kutoa alama, sifuri mpaka kumi: hili linauma kiasi gani, lile kiasi gani. Mashine haina mgongo, kwa hiyo ilijifunza maumivu kwenye migongo ya watu. Mgongo wa Tumpale ulipoharibika, wakampa karatasi iliyosema ni umri, akiwa na miaka thelathini na saba.

Lakini Ambakisye siku zote alidhani ni matuta yaliyomvunja, mitikisiko mikubwa.

"Hayo makubwa tulikuwa tunayapa tisa, kumi, na mashine ikajifunza kuyaua," Tumpale alisema. "Shimo haliwezi kupotea hivi hivi, wewe fundi unajua. Nguvu yake lazima iende mahali. Mashine ikalikatakata shimo vipande vidogo vidogo, ikawa huu mtetemo. Halafu ikatuuliza, na huu je? Sisi tulikuwa vijana. Mtetemo kama huu unakuwa kama kukunwa. Nikawa naandika sifuri. Saa nane kwa siku, miaka sita, sifuri."

 Ambakisye akatoa kiganja chini ya kiti, akakifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na uchafu.

Jioni ile alimpigia Sekela simu na matusi yote aliyoyajua. Sekela alimwacha amalize.

"Umeshusha pumzi? Sasa nisikilize, shemeji yangu ana namba ya kazi?"

"Namba gani?"

"Kila mwonja njia ana namba. Ubongo wa shokapu bado unazitambua. Akiingiza yake, anaweza kuufundisha upya. Mashine inataka vipande mia moja vya barabara, anatoa alama, inajirekebisha. Nimesoma kwenye kitabu chake."

"Ufundishwe kwa mgongo wake tena?"

"Kwani una mgongo mwingine, fundi? Wako haujaharibika, utaudanganya ubongo."

Tumpale hakusita. Jumamosi asubuhi alisoma namba yake mbele ya dashibodi, mia nne na kumi na mbili, na sauti ya kike yenye adabu ikamjibu: "Karibu tena, mwonja njia."

"Shikamoo na wewe," Tumpale alisema. "Anza."

Ambakisye aliendesha kuzunguka mtaa wa nyuma. Kila baada ya hatua hamsini sauti iliuliza, naye Tumpale akajibu. Saba. Nane. Nane. Mashine haikuridhika na jibu moja. Ili kuthibitisha, ilirudia mtetemo ule ule mara tatu, na kila mara ikauliza upya kama karani asiye na haraka. Walipofika kipande cha arobaini Ambakisye aliona kwenye kioo kwamba mkewe amefumba macho na ameuma kitambaa chake cha kichwa.

"Inatosha. Nasimama."

"Ukisimama tunaanza moja. Hukusikia masharti?"

"Basi wape namba ndogo, tumalize."

"Nikiwapa ndogo nitakuwa nimewadanganya mara ya pili." Akatema kitambaa. "Tisa. Umesikia, wewe mama wa ndani ya redio? Tisa!"

Walimaliza saa tano na nusu. Ambakisye aliegesha gari gerejini, na Tumpale akageuza uso kuelekea dashibodi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alionekana kutaka kutabasamu. Sauti ikasema:

"Asante, mwonja njia namba mia nne na kumi na mbili. Alama zako zinatofautiana sana na alama zako za awali. Mwili uliobadilika haufai kuwa kipimo. Alama za leo zimefutwa ili kulinda starehe ya watumiaji wengine. Uwe na siku njema."

Taa ndogo ya kijani ikazimika.

Ambakisye alishuka. Akachukua jeki, akaisukuma chini ya Panzi, akaanza kupampu, na Tumpale bado yuko ndani. Akafungua nati za gurudumu la kwanza. Alikuwa amekwisha kuamua: atazing'oa zote nne, atarudisha springi za zamani, ndefu, laini, za ujinga. Panzi litasimama tena mita moja na arobaini na sita. Wataondoka Jumanne badala ya Alhamisi, barabara ya juu, mwendo wa mtu anayetembea, wakilala njiani kila mgongo utakapokataa. Huenda wakafika mgongo umelegea. Huenda wasifike hivyo, na baada ya hapo hakuna Alhamisi nyingine.

"Baba Lugano," Tumpale aliita kutoka ndani ya gari lililoinama upande mmoja.

"Naam."

"Miaka sita niliwaambia mtetemo hauumi. Hawakurudia swali hata mara moja."

Ambakisye aliitoa shokapu ya kwanza ikiwa bado na joto, akaiweka sakafuni, akahamia gurudumu la pili.