Waya Uliomenywa

Hili lilimkuta rafiki yangu, fundi wa kamera za ulinzi, na mpaka leo akilisimulia hutema mate. Ana tabia moja chafu: humenya waya kwa meno. Mkewe amemkanya weee, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo alikuwa akifunga kamera kwenye nyumba kuukuu ya bibi mmoja mjane. Bibi alikataa kata kata kuta za wazee wake zitobolewe upya, basi fundi akapitisha waya kwenye tundu la zamani, linanuka kama panya aliyeoza. Bibi akangoja chumba cha pili aupokee.

"Umeuona, bibi?"

"Bado, mwanangu. Sukuma."

Akasukuma. Ndani ya ukuta akasikia kitu kikitafuna taratibu, kama mtu anayekula bila kufumba mdomo. Panya hao, akajiambia. Akauvuta waya nje ya tundu, akaitia ncha yake kinywani aumenye kabla ya kuusukuma tena.

Ulikuwa umeshamenywa. Shaba tupu, vuguvugu, imejaa mate mazito yenye uvundo.

"Bibi! Umeumenya wewe?"

"Nitaumenyaje, na haujafika huku?"

Akatapika pale pale sakafuni. Katikati ya matapishi kulikuwa na jino jeusi. Akapapasa kinywa chake kwa ulimi, jino baada ya jino. Yake yote yalikuwepo.