Kilemba cha Mwalimu Nsimire

Neno la mia tatu lilipoingia kichwani mwa Nyamizi, mkono wake wa kulia uliruka wenyewe ukamvunja msimamizi pua.

Neno hilo lilikuwa porte, yaani mlango kwa Kifaransa. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha saba, amefumba macho, na kofia-ndimi imemkaa kichwani kama bakuli la bati. Kofia hiyo ilikuwa na sindano mia mbili, nyembamba kuliko unywele, na hazikuuma. Zilipeleka maneno moja kwa moja mahali ambapo mtoto huyaweka anapojifunza kwa mama yake. Kwa saa moja yaliingia maneno mia, pamoja na namna ya kuyatamka, hata harufu ya vitu vyenyewe. Likija neno pain, pua ilisikia mkate wa moto uliopakwa siagi.

Msimamizi, Gwakisa, alikuwa anapita akikagua nyaya. Ngumi ilimkuta usoni. Aliangukia kiti cha nane, damu ikamwagika kifuani kwa Kidunda, fundi wa malori.

"We dada!" Kidunda alipiga kelele. "Mimi nimekuja kujifunza Kifaransa, sijaja machinjoni!"

Nyamizi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kaka Gwakisa, nisamehe. Sijui imekuwaje. Nimeona mlango wa kijani, halafu nikakuona wewe unaufunga."

Gwakisa alijifuta damu kwa kiganja. Kidoleni alivaa pete nene ya fedha yenye jiwe jeusi. Alimtazama Nyamizi kwa muda.

"Ni mwangwi tu," alisema. "Ubongo ukijazwa haraka hutoa picha za ovyo. Rudi ukae. Kuanzia kesho wewe utafungwa mkono."

Hayo yalitokea Kigoma, mwaka 2091, ndani ya Jumba la Ndimi. Ng'ambo ya ziwa, mbali ndani ya misitu ya Kongo, mji wa Mbandaka ulikuwa unajenga mnara-anga, nguzo ya nyaya na chuma ya kupandishia vyombo hadi nje ya hewa ya dunia. Wachomeleaji walitafutwa kila mahali. Lakini kule juu amri zilitolewa kwa Kifaransa, na mtu asiyeelewa amri moja angeweza kufa na kuua wenzake. Asiye na cheti cha lugha hakupanda.

Nyamizi alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa akichomelea meli tangu akiwa na miaka kumi na saba, na mshono wake ulijulikana bandari nzima. Shule aliiacha darasa la tano, siku mwalimu alipomchapa fimbo vidoleni kwa kukosea hesabu ya kugawanya. Kidole kidogo kilivunjika, na hadi leo kilikuwa kimepinda. Hakurudi tena darasani, ingawa alililia darasa hilo kwa miaka. Bango la Jumba la Ndimi lilisema: HAKUNA CHAKI, HAKUNA FIMBO. Alilisoma mara mbili, akaingia.

Kila mwanafunzi alipewa kitufe cha kushika mkononi. Neno likija hafifu, ulikibonyeza, nalo lilirudi kwa nguvu, likang'aa, usilisahau tena. Kitufe hicho walikiita ongeza. Ndege ya mwisho ya mafundi ilikuwa inaondoka baada ya siku kumi na mbili. Nyamizi alibonyeza kuliko wote.

"Unakifinya hicho kitufe kama unakamua ng'ombe," Kidunda alimwambia walipotoka kunywa chai.

"Na wewe finya chako. Utafeli."

"Mimi nikifinya sana naota napigwa. Leo nimeamka nimejing'ata ulimi. Wewe huoti?"

"Naota," Nyamizi alisema kwa sauti ndogo.

Aliota kila siku, hata mchana. Mlango wa kijani. Ngazi kumi na nne za kushuka, ya tatu imemeguka. Kofi la mkono wenye pete. Lakini aliota pia darasa lenye madirisha makubwa juu ya ziwa jingine, na watoto wakiandika imla kila Ijumaa, kalamu zikikwaruza karatasi. Mlangoni walisimama wakasema pamoja: Bonjour, Madame Nsimire. Kutoka huko Nyamizi alijifunza kwamba Mfaransa huingii dukani kwake ukaanza kuuliza bei. Unasalimu kwanza. Alipenda jambo hilo, kwa sababu hata bibi yake angemfukuza mtu asiyesalimu. Akaanza kumwambia muuza chapati bonjour, na muuza chapati akamjibu, "Marahaba."

Siku ya tano mwanamke wa kiti cha kumi na mbili alijigonga kichwa ukutani hadi akatolewa amezimia. Siku ya saba vijana wawili walikabana koo huku wakitaja majina ya matunda. Kufikia siku ya tisa wanafunzi wote walifungwa mikanda vifuani na mikononi, vidole gumba tu vikiachwa huru kwa ajili ya kitufe. Hakuna aliyelalamika. Maneno yalikuwa yanaingia.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Nyamizi alifanya mtihani akafaulu. Kidunda alifeli, akaambiwa arudie na darasa la mchana. Ndege ilikuwa saa kumi jioni.

Kwa mafundi wa bandarini, mwanafunzi akihitimu humpelekea mwalimu wake kilemba: kitambaa kizuri, kwa mikono miwili. Asiyetoa kilemba, walisema, kazi yake itafunguka kwenye mshono. Nyamizi hakuwahi kukiuka hilo. Alinunua kitenge cha bluu chenye ndege weupe, akabeba na mfuko wake wa nyundo na tindo, tayari kwa safari, akaenda kwa Gwakisa.

"Kaka, nimeleta kilemba cha mwalimu."

"Mwalimu gani?" Gwakisa alikuwa anatafuna karanga, bado ana plasta puani. "Mmefundishwa na mashine."

"Madame Nsimire."

Gwakisa aliacha kutafuna. "Jina hilo umelitoa wapi?"

"Wanafunzi wake wanamwita hivyo."

"Basi ivalishe mashine, upige picha, uende zako. Ndege haitakusubiri." Alicheka. Lakini macho yake yalikimbilia uani, nyuma ya tangi la maji, yakarudi upesi.

Nyamizi aliaga kwa adabu. Kisha akazunguka tangi. Mlango ulikuwapo, na ulikuwa wa kijani.

Kufuli ilivunjika kwa mapigo matatu ya nyundo. Alianza kushuka, na mguu wake wenyewe uliruka ngazi ya tatu kabla hajaona kwamba imemeguka.

Chini kulikuwa na chumba cha saruji na mwanamke mmoja, amefungwa kwenye kiti cha chuma. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Kofia yake ilifanana na zile za juu, ila sindano zilikuwa nene kama misumari, na damu mbichi ilitiririka juu ya damu kavu. Ubavuni mwake mkono-mashine ulikuwa umechomoza sakafuni, umeshika ufito wa umeme. Ukutani zilipangwa taa arobaini zenye namba.

Taa ya nane iliwaka. Mkono-mashine ulipanda, ukashuka mgongoni mwake. Mwanamke akapiga ukelele, na ukelele wenyewe ulikuwa neno: fenêtre. Taa ikazimika.

Kiti cha nane kilikuwa cha Kidunda. Alikuwa huko juu amebonyeza kitufe, na sasa alijua neno la dirisha.

Nyamizi alihesabu siku kumi na mbili, akashindwa kuhesabu vidole vyake vilibonyeza mara ngapi.

"Neno linalosemwa kwa utulivu husahaulika," Gwakisa alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama kwenye ngazi na nondo mkononi. "Linalotoka kwenye maumivu hukaa. Si sisi tuliogundua. Walimu wenu wa zamani walijua."

"Mlisema hakuna fimbo."

"Imekugusa wewe? Panda ndege, Nyamizi. Ukimfungua huyu, Jumba linafungwa leo, na vyeti vyote ni karatasi. Utarudi kuchomelea mitumbwi."

Cheti kilikuwa kifuani mwake, ndani ya gauni. Taa ya ishirini iliwaka. Ufito ukapanda.

Nyamizi alirusha nyundo. Ilimpiga Gwakisa kwenye mkono wa pete, na mifupa ikalia. Nondo ilimponyoka, lakini Gwakisa alimrukia Nyamizi, akamkaba, akamgongesha kisogo sakafuni mara mbili. Nyamizi aliona weusi. Alimng'ata kidole hadi meno yakakutana na fedha. Gwakisa akapiga yowe, akalegea, na Nyamizi akamsukuma kwa miguu yote miwili hadi chini ya mkono-mashine, wakati taa sita zilipowaka kwa pamoja.

Mkono haukuwa na macho. Ulipiga mwili wowote uliokuwa chini yake. Pigo la kwanza lilimvunja Gwakisa goti, la pili bega. Kabla ya la tatu Nyamizi aliokota nyundo, akaingiza tindo kwenye kiungo cha mkono, akaipigilia, mafuta na cheche zikaruka, mkono ukainama na kutulia. Gwakisa alibaki akigaragara na kulia kama mtoto.

Kisha Nyamizi akakata waya mkubwa wa kofia. Huko juu, watu arobaini walipiga kelele kwa mkupuo mmoja, halafu kukawa kimya.

Alizing'oa sindano moja moja, akamfungua mikanda. Damu ilikuwa nyingi. Mwanamke alifumbua macho.

"Bonjour, Madame," Nyamizi alinong'ona, kwa matamshi safi kabisa.

Mwanamke alijikunyata kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Hapana! Usinisemeshe ile. Tafazali, mama. Sema Kiswahili."

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Nsimire alivuta pumzi. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, cha taratibu. "Kifaransa nilikipenda, unajua? Nilifundisha miaka makumi mbili, sikupiga mtoto hata mmoja." Aliitazama sura ya Nyamizi, kisha kitenge ambacho Nyamizi alikuwa amekiokota sakafuni. "Hiyo ni ya nini?"

"Ni kilemba chako. Nimehitimu."

"Ah." Macho yake yalielekea ukutani, kwenye taa zilizozimika. "Weye ulikuwa kiti ya ngapi?"

Nyamizi angeweza kutaja namba yoyote. Juu, ndege ya Mbandaka ilikuwa inanguruma ikielekea uwanjani.

"Saba, Mwalimu."

Mwanamke yule aliinua mkono uliokuwa umechubuka na mikanda, akauvuta nyuma polepole, akampiga Nyamizi kofi moja la uso, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Nyamizi hakukwepa.

Kisha Mwalimu Nsimire akainamisha kichwa ili afungwe kilemba.