Biakmawii na Jirani wa Mikono Mirefu

Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Biakmawii alikuwa jikoni, akihangaika na birika la chai. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, viganja havifungi. Alilibana birika kwa mikono miwili, akauma meno.

"Dawa umekunywa?" mumewe, Zahlira, aliuliza huku akivaa viatu.

"Nimekunywa."

Alikuwa anadanganya. Vidonge alikuwa akivitupa chooni.

Kisa chake kilikuwa hiki. Mwombeaji mmoja mgeni alipita kijijini kwao, katika milima ya Mizoram, India. Alimshika Biakmawii kichwa, akaomba kwa kelele, kisha akasema mbele ya watu: "Mama, ugonjwa huu ni dhambi uliyoificha. Na ukimeza vidonge, humwamini Mungu."

Tangu siku hiyo Biakmawii hakuwa na raha. Alijichunguza dhambi mpaka usingizi ukamkimbia. Wanawake wakinong'ona kanisani, alijua ni yeye anayesemwa. Wakimletea chakula, alijua wamekuja kupeleleza.

Basi Pi Zuali, mjane aliyehamia nyumba ya jirani na kuongoza maombi ya wanawake kanisani, alipobisha hodi na bakuli la mboga, Biakmawii alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimepika nyingi, na kula peke yangu kunanichosha."

Pi Zuali akaingia, akaosha vyombo vilivyolundikana. Habari za ugonjwa hakuuliza. Hilo nalo likamtia Biakmawii shaka. Mtu gani asiyeuliza? Bila shaka ameshaambiwa yote!

Akawa anakuja kila siku. Hata jua likiwaka, alivaa blauzi ya mikono mirefu. Akiosha vyombo hakuikunja, ikalowa mpaka kwenye viwiko.

"Yule anaficha kitu," Biakmawii alimwambia mumewe. "Mtu wa mikono mirefu si wa kumwacha peke yake ndani."

Zahlira akacheka. "Ataiba nini hapa? Masufuria yako yenye masizi?"

Siku moja Pi Zuali alikuwa akimimina chai. Mara akageuka ukutani, akatoa kitu mfukoni, akakitia mdomoni upesi. Biakmawii alimwona.

"Unakula nini? Geuka! Umetia nini kwenye chai yangu?"

Pi Zuali akageuka polepole, akafungua kiganja. Palikuwa na vidonge.

"Dawa yangu. Nina kifafa tangu usichana."

"Wewe? Wewe unayetuongoza kwenye maombi?"

"Mimi huyo huyo." Akakunja mkono wa blauzi. Kovu kubwa la moto lilipanda kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. "Na mimi niliambiwa nitupe dawa ili nionyeshe imani. Nikazitupa. Nikaanguka jikoni, juu ya moto. Kovu hili nalificha kwa sababu watu wakiliona huanza kunitafutia dhambi. Hata wewe nilikuogopa, ndugu yangu."

"Kwa hiyo Mungu hakukusikia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira. Halafu nikafikiri: Bwana wetu mwenyewe aliumia msalabani. Naye utamwambia alificha dhambi? Nikaacha kujihukumu. Nikamwomba akae nami katika ugonjwa wangu. Amani yangu ilianzia hapo, kifafa kikiwa bado kipo."

Biakmawii aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka.

"Vyangu navitupa chooni," akanong'ona. "Utamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nawe siri yangu unayo. Kesho twende hospitali."

Jioni hiyo Biakmawii alimweleza mumewe ukweli wote. Zahlira hakugomba. Asubuhi wakaenda wote watatu.

Daktari alivigusa vidole vya Biakmawii kimoja kimoja. "Hii ni baridi yabisi, mama. Haitokani na dhambi. Kinga ya mwili wako imekosea adui, inashambulia viungo vyako mwenyewe. Dawa haitaufukuza ugonjwa kabisa, lakini inauzuia usile viungo. Ukiiacha, vidole vitapinda na havitanyooka. Usiache wala usiongeze bila kuniuliza, na uje upimwe damu kila unapoitwa."

"Na kuomba je?"

"Omba sana. Mimi pia naomba. Ila dawa umeze."

Miezi ikapita. Uvimbe ukapungua. Asubuhi nyingine maumivu yalirudi, na Biakmawii aliketi kidogo kabla ya kazi, akasema, "Bwana, na leo kaa nami." Hakujichunguza tena kama polisi anayemsaka mwizi.

Kwenye kikao cha wanawake kanisani, mmoja akamwuliza, "Biakmawii, siku hizi unacheka. Umepona?"

Watu wote wakamgeukia. Zamani angeutafuta mtego ndani ya swali hilo.

"Sijapona," akajibu. Akainua mkono. "Kidole hiki kimepinda, na kitabaki hivi. Dawa ya hospitali nameza, na Mungu namwomba. Lakini usiku nalala, jamani. Nalala fofofo!"

Wakacheka. Kikao kilipokwisha, mama mmoja mnene, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaumwa, alimfuata hadi mlangoni. Akatazama kushoto na kulia, akamsogelea sikioni.

"Hospitali hiyo," akanong'ona, "mnakwenda siku gani?"