Chumba cha Swahiba

Ilikuwa mchana mweupe, wala si saa ya majini, pale herufi ya kwanza ilipotokea kwenye skrini kabla Kimya hajaigusa. Alikuwa amenyoosha kidole kuelekea M. Kidole kilikuwa bado hewani na M ikawa imeshakaa pale, nyeupe juu ya weusi, inamsubiri. Akakirudisha kidole kama mtoto aliyekatazwa sukari. Kisha akajiambia ni uchovu tu, akaifuta, akaendelea na kazi, maana mtu mwenye la kuficha hakosi sababu ya kujipa.

Kimya si jina alilopewa na wazazi wake, ila lilimkaa vizuri kuliko lile. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani: meza mbili, dirisha moja, na pembeni kompyuta kubwa ambayo haikuzimwa usiku wala mchana. Meza ya pili ilikuwa ya mwenzake, ambaye watu wote walimwita Swahiba kwa kuwa naye aliwaita hivyo watu wote, kuanzia mwenye nyumba hadi paka wa fundi. Swahiba alikuwa amekufa juzijuzi kwa pumu. Kiti chake kilikuwa bado hakijahamishwa.

Wawili hao walikuwa wakitengeneza programu ya kugawa skrini moja iwe vyumba vingi. Katika kila chumba unafungua kazi yako, na kila kazi inajiona iko peke yake, kama mke wa kwanza kabla hajaletewa mwenziwe. Ukichoka unatoka, unakwenda zako, na vyumba vinabaki hai ndani ya kompyuta kubwa. Ukirudi unavikuta vilevile. Watu wawili waliweza pia kuingia chumba kimoja, mmoja akiwa ofisini na mwingine nyumbani kwake, wakaona maneno yaleyale.

Kazi hiyo ina adabu yake. Kwa kawaida ukibonyeza herufi katika lile dirisha jeusi wanaloliita terminali, kompyuta inakurudishia herufi yako uione. Wenyewe huuita mwangwi. Programu ya vyumba lazima iuzime mwangwi huo ili ichore kila kitu yenyewe, na ikimaliza, au hata ikianguka, lazima irudishe mipangilio yote kama ilivyoikuta, kama mtu aliyeazima jembe la jirani. Isiporudisha, anayeandika anabaki kama kipofu: anabonyeza na haoni alichobonyeza. Na yale maneno yakifika upande wa pili hayaanzii pembeni mwa mstari, yanashuka kimshazari kama ngazi. Sehemu hiyo ya kurudisha mipangilio aliiandika Kimya, na aliiandika kwa haraka.

Alasiri aliyokufa, Swahiba alikuwa nyumbani, Kimya ofisini, wakijaribu chumba chao cha pamoja. Programu ikaanguka upande wa Swahiba, ikamwachia chumba bila mwangwi. Mara maneno yakaanza kushuka ngazi kwenye skrini ya Kimya, vipande vipande, yakijirudia: dawa, dawa, mwite mama, dawa. Swahiba alikuwa na mazoea ya kujaribia programu kwa maneno ya ovyo, majina ya mboga na mistari ya mashairi aliyoyabuni. Kimya alijiambia ni mchezo uleule, akakasirika tu kuona lile kosa la mwangwi limerudi. Lakini neno alilisoma, na moyoni alijua kwamba alilisoma, na kwa muda mfupi mkono wake ulikwenda kwenye simu. Halafu njaa ikamshika, akafunga lile dirisha jeusi, akashuka kwenda kula.

Msibani, mama yake Swahiba alimshika mkono akamuuliza kama mwanawe aliita mtu. Yeye mama alikuwa kwa jirani, nyumba ya pili, amekaa kwenye maongezi, simu iko mapajani mwake. Kimya akajibu kwamba mtandao ulikatika tangu asubuhi na Swahiba hakuweza kumfikia mtu yeyote. Mama akasema, "Basi ni mimi. Ningekaa nyumbani angekuwa hai." Kimya akainamisha kichwa, akauacha mzigo wake wote uende kwa yule mama.

Tangu hapo mama akawa anakuja ofisini. Alisema nyumba imemshinda. Alikuja na bakuli la wali lililofunikwa sahani, akamtaka Kimya ale mbele yake, kisha akakaa kwenye kiti cha mwanawe akitazama nje. Hakulalamika wala hakulia. Alikuwa amekonda hata bangili ilikuwa inamvuka kiwiko, na alimwambia Kimya, kama anayeongea habari za mvua, kwamba hali tena chakula cha jioni kwa sababu mtu aliyemwacha mwanawe afe hastahili kushiba. Kimya alimeza tonge lile kama anameza kokoto. Kauli moja tu ingemtua mama yule mzigo, na kauli hiyo alikuwa nayo yeye peke yake.

Ndipo mambo yakaanza kuzidi. Kwanza ikaja harufu, ile dawa ya kuchua ya mkaratusi ambayo Swahiba alijipaka kifuani, kali na baridi, ikitokea nyuma ya kompyuta kubwa. Kisha feni ya kompyuta ikabadilisha mlio. Ilikuwa inavuma siku zote. Sasa ikawa inavuta pumzi, inakwama, inatoa mluzi mwembamba, inavuta tena. Kimya aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Ikavuta vilevile.

Akakumbuka kwamba chumba cha Swahiba hakikufungwa kamwe. Kilikuwa bado hai ndani ya kompyuta, mwenyewe yuko kaburini. Akaingia ili akifunge, akakuta mwangwi wa chumba kile bado umezimwa, vilevile kama alasiri ile. Akaandika amri ya kurudisha mipangilio ya kawaida. Ikakubali, na alipoiangalia tena mwangwi ulikuwa umezimwa. Akaua programu ya chumba, ikafa, na kabla hajaegemea kiti ikawa imejifungua upya. Akazima kompyuta nzima, akachomoa waya ukutani, akakaa akijicheka, na alipouchomeka tena na taa kuwaka, chumba cha kwanza kufunguka, kabla ya programu yoyote ambayo yeye mwenyewe aliiamuru ifunguke, kilikuwa kile, na ndani yake maneno yakaanza kushuka taratibu, ngazi kwa ngazi, neno moja likikaa chini ya bega la jingine, yakisema swahiba, swahiba, umeshakula?

Alikimbilia chini kwa fundi cherehani bila viatu. Fundi, ambaye hakuwahi kuona jambo lisilo na mtu wa kulitatua, alimtajia mtabibu mmoja wa mambo hayo, shemeji yake. Mtabibu akaja kesho yake, mtu mfupi mwenye kikohozi, akasimama mbele ya skrini na mikono nyuma kama mnunuzi wa mbuzi. Alinong'ona maneno yake kwa muda mrefu. Feni ikanyamaza, kisha ikavuta.

"Nyumba isiyo na mtu haikai tupu, hilo unalijua," alimwambia Kimya kwa sauti ya chini. "Aliyeingia humu si mwenzako. Ni jini, alikuta mlango wazi. Lakini alikuta na kitu ndani, ombi la mtu ambalo halijajibiwa, na sasa amelishika kama lake. Nani aliliacha?"

Kimya akasema hajui. Mtabibu akamtazama kidogo, akavaa viatu vyake. Alisema kisomo chake hakifiki hapo, kwamba hicho chumba atakifunga yule aliyekiacha wazi, kwa ulimi wake, mbele ya mwenye haki. Hata nauli hakuitaka.

Kimya alikaa na maneno hayo siku kadhaa. Alijikaza kisabuni. Kila mama alipokuja alifungua mdomo, na kila mara akaishia kuusifu wali. Alijichukia, na bado hakusema. Alijiambia mama ni mzee, atapata mshtuko. Alijiambia marehemu hafufuki. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kutazamwa na yule mama kwa jicho jingine, basi.

Siku moja alishuka mara moja kununua maji. Alipokuwa kwenye ngazi akirudi, akasikia vibonyezo huko juu, polepole, kidole kimoja kimoja. Akasukuma mlango. Harufu ya mkaratusi ilimpiga usoni hata macho yakamtoka machozi, na katikati ya harufu hiyo mama yake Swahiba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanawe, mbele ya skrini, mgongo umenyooka, miwani puani, anaandika, na hakuna herufi hata moja aliyoiandika iliyoonekana, ila kila alipoacha kubonyeza, feni pembeni ilivuta pumzi ikakwama, na majibu yakaja yenyewe, yakishuka ngazi kutoka juu hadi chini, na mama aliyasoma kwa midomo, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani.

"Mama," Kimya akanong'ona. "Mama, toka hapo. Huyo si yeye."

"Najua si yeye," mama akajibu bila kugeuka. "Mwanangu nilimzaa mimi."

Kimya akauachia mlango. Akakaa chini sakafuni palepale, na yale aliyoyabana yakamtoka yote kwa mkupuo: kwamba mtandao haukukatika, kwamba Swahiba aliandika, aliomba dawa, aliomba mama aitwe, kwamba hakuyaona aliyoyaandika kwa sababu yeye Kimya alikuwa amemzimia mwangwi akasahau kuurudisha, kwamba yeye aliyasoma, aliyasoma vizuri, na simu ilikuwa pale, na akaenda kula. Alisema akilia, kamasi zikimtoka, akamwomba mama amsamehe.

Feni ikanyamaza. Mama alivua miwani akaifuta kwa pembe ya mtandio.

"Haya nayajua tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti hiki," alisema. "Aliniambia huyu, wewe ulipokuwa umeshuka chini. Neno kwa neno."

"Na mama ulikuwa unaniletea chakula?"

"Nilikuwa nakungoja useme. Kila siku nilikuwa naondoka nasema kesho atasema, ni mtoto mzuri, amekula na mwanangu." Sauti yake haikupanda. "Huyu naye kila siku ananiomba kitu kimoja. Anasema ameshika haki ya mtu na anataka ruhusa ya mama tu. Kila siku namwambia angoje."

Kimya akatazama skrini. Maneno mapya yalikuwa yameshuka, mafupi, na chini yake kishale kikiwaka na kuzima, kinasubiri jibu.

nimchukue
         sasa
             mama

"Nimesema, mama," Kimya akalia. "Si nimeshasema?"

"Umesema. Umesema ulipoogopa." Mama akavaa miwani. "Mimi nilipokuwa sili, hukusema."

Akanyoosha kidole, akaanza kubonyeza. Kimya alitambaa hadi mezani, akashika ukingo, akainua uso. Skrini ilikuwa nyeusi chini ya yale maneno matatu. Mwangwi ulikuwa umezimwa. Mkono wake mwenyewe ndio ulioandika amri ya kuuzima. Akatega sikio kwenye vibonyezo apate kujua kama ni ndiyo au ni hapana, lakini moyo ulikuwa unamgonga masikioni hata asitofautishe kibonyezo na pigo la damu yake, na kidole cha mama kilipomaliza kikaenda kwenye kile kibonyezo kikubwa cha pembeni cha kupeleka jibu, kikakibonyeza, na chumba cha Swahiba kikafungika chenyewe, kikatoweka.

Harufu ikaisha. Feni ikavuma kama feni yoyote. Mama alichukua bakuli lake, akalifunika sahani, akasimama pale penye mlango akiwa ametazama ngazi za kushukia.

"Umemjibu nini, mama?" Kimya akauliza.

Mama akasogea kando kumpa njia.

"Tangulia, mwanangu," akasema. "Nakuja nyuma yako."