Mdomo wa Msichana wa Bati

Asubuhi ndoo ilikuwa imejaa pomoni. Saa nne ilikuwa tupu, sakafu kavu, na mama mtoto hakuwa ameigusa.

"Baba mtoto, umemwaga maji?"

"Mimi? Mimi niko na kazi zangu."

Kazi zake! Fundi friji mzima, siku ya mapumziko, kachuchumaa sebuleni na kibrashi cha rangi. Kuta zote zilishajaa mabango ya soda za zamani, soda ambazo hata mababu walishazisahau, na picha ya harusi yao ilikuwa nyuma ya kabati. Bango jipya lilikuwa la msichana wa gauni la njano, chupa mkononi. Lilikuja mdomo umekwanguliwa mpaka kwenye bati.

"Jana nimemrudishia mdomo," mumewe alisema, "leo namalizia meno. Ona, sasa anakunywa!"

"Mwanao ndiye hanywi! Maziwa yamenikauka tangu jana, nakwambia, wewe unapaka meno!"

Kichanga cha miezi minne kilivuta, kikaachia, kikalia. Mama akajimiminia chai, labda maziwa yatashuka, na chai ikapungua kikombeni mbele ya macho yake, polepole, kama mtu anaivuta kwa mrija, na nyumba nzima ikanuka machungwa yaliyooza.

Akampigia simu mzee wa vyuma chakavu aliyewauzia.

"Shikamoo mzee. Yule msichana wa bango..."

"Marahaba. Mmempaka mdomo?" Sauti ilishuka. "Mwanangu, niliukwangua mwenyewe, kwa msumari. Nikamwambia mumeo usimguse, akanicheka. Lakini mimi niliwahi kabla hajaonja kitu. Akishaonja, sijui."

Alichukua kisu.

"Ngoja! Ngoja basi nimpige picha kwanza!" mumewe alimzuia mlangoni.

Akamsukuma huko, miezi yote ya kusema na kutosikilizwa ikampanda mkononi, akakwangua, bati likalia kama mnyama, rangi mbichi ikamlowesha vidole nayo ina joto, joto la ulimi, akakwangua huku anaomba Mungu na kumtukana mumewe kwa pumzi moja, mpaka pakabaki chuma kitupu, na hapohapo maziwa yakamshuka, blauzi ikalowa chapa.

Akacheka, akalia, akakimbilia chumbani, akampakata mtoto.

Mtoto akanyonya. Ziwa la kwanza, la pili, akarudia la kwanza. Kitumbo chake hakikujaa. Mama akahisi ulimi unamkauka, midomo inapasuka, macho hayana tena chozi.

"Mama mtoto, mbona umepauka hivyo?" Mumewe alisimama mlangoni, brashi ingali mkononi, anamtazama usoni tu. "Inatosha, mtoe!"

Mama alikuwa ameegemea ukuta wa mbali, amekishika kifua kwa mikono miwili. Kitandani, hatua tano kutoka kwake, mtoto alilala chali, macho makavu yakimtazama.

"Nimemtoa zamani," alinong'ona. "Bado anavuta."