Lipu ya Kudra

Kila jioni akitoka shule, Yasmin alikuwa na kazi moja tu: kumwagilia maji ukuta wa sebuleni. Mvua za masika zilikuwa zimeuharibu vibaya. Dada yake, Kudra, alibandua lipu ya zamani na kupiga mpya kwa mikono yake mwenyewe, kwa maana alitaka kuwa fundi. Mjomba wao Hussen, fundi wa siku nyingi kule Kwala, alikuwa amemwahidi, "Jumamosi nitakuja Gwata kuikagua. Ikiwa imara, Jumatatu naondoka nawe kwenda kazini."

Lipu mpya humwagiliwa kila siku ili ishike, isikauke upesi na kumomonyoka. Kudra alikuwa akishinda shamba na mama, hivyo maji akamwachia Yasmin. Lakini Yasmin na uvivu, jamani! Kupanda stuli kulimchosha. Alirusha maji pale mkono ulipofika, juu akapaacha pakavu, kisha huyoo, mbio kucheza rede. Akiulizwa, alijibu bila haya, "Nimemwagilia wote, dada."

Jumamosi mjomba akafika. Hata kuketi hakuketi. Aliugonga ukuta kwa kidole, na lipu ya juu ikamomonyoka, ikamwagika sakafuni pwaa!

"Kudra! Umechakachua saruji!" alifoka. "Mimi sitembei na fundi wa namna hii."

"Wallahi, mjomba, nilipima sawasawa," alisema Kudra, machozi yakimlengalenga.

Yasmin aliitazama lipu iliyomwagika. Akisema, mama hatamwacha salama. Akinyamaza, dada yake anaachwa.

"Ni mimi, mjomba," alisema. "Huko juu sikumwagilia. Nilimdanganya dada."

Mjomba alimtazama, akachukua nyundo, akagonga sehemu ya chini. Haikutoka hata chembe. Akagonga tena kwa nguvu, kisha akacheka. "Kumbe! Mchanganyiko huu ni mzuri kabisa. Kudra, nisamehe. Jumatatu tunaondoka."

Kudra aliketi palepale kwenye kifusi, akashusha pumzi ndefu. Akamkata Yasmin jicho, halafu akashindwa kujizuia, akacheka. Yasmin naye alihisi kifua chake kimekuwa chepesi, ingawa alijua ya mama bado yanamsubiri.

"Yasmin," mjomba alisema akikunja mikono ya shati, "lipu ikiharibika tunapiga nyingine, kazi ya siku moja. Lakini jina la dada yako ningelichafua kwa uongo wako, tungelisafisha kwa maji gani? Umefanya vyema kusema mapema. Haya, lete ndoo tuanze."