Vibao vya Marehemu Dzombo

Jirani zangu wa Garsen, na ninyi wa Hola na Wenje mtakaosomewa haya, tulieni niwaeleze mambo ya nyumba iliyopakana na yangu. Naitwa Gona, fundi wa baiskeli tangu siku zile mwenye baiskeli alikuwa tajiri na mwenye pikipiki alikuwa mtu wa serikali. Ya nyumba ile sikuyapata kwa uvumi. Niliyaona, na lawama yangu imo, nayo nitaitaja bila kuficha.

Asubuhi zetu zilikuwa tamu. Kabla jua halijachoma, Mzee Dzombo, seremala wa nyumba ile, huyo ameshawasha msumeno wake wa mkanda, mashine aliyoiunda mwenyewe nyumbani kwa magurudumu mawili ya chuma na mota ya pampu kuukuu. Msumeno wenyewe ni utepe wa chuma wenye meno, unaozunguka magurudumu hayo na kupita katikati ya meza. Ulikuwa na mvumo uliotulia, na sisi majirani tuliamka nao. Harufu ya mwembe uliopasuliwa ikija mpaka kwangu ikichanganyika na ya mahamri, nami nikishika spana zangu nikijua siku imeanza. Nani mtaani hapa hakulalia kitanda cha Dzombo? Wanangu wote wamelelewa juu ya kimoja. Ee, siku zile! Nikizikumbuka najikuta natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Mzee akafariki. Siku ya matanga wazee wa ukoo walimkabidhi mwanawe mkubwa, Fondo, ufunguo wa karakana. Fondo alikuwa Malindi miaka mingi akitengeneza viti vya mahoteli, na alirudi kuzika tu. Kumuuguza baba hakuwahi. Kwa uchungu huo alisimama mbele yetu akaapa.

"Mashine ya baba sitaibadilisha hata msumari mmoja. Alipoweka mkono wake, wangu hautaondoa kitu."

Wanawake walilia, wanaume tukaitikia, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nanyi mwajua, kwetu Wagiriama, neno lililosemwa matangani mbele ya wazee halirudishwi mdomoni.

Sasa nieleze kidogo, maana si wote mafundi. Utepe ule wa chuma ni mwembamba na hupenda kuyumba. Unashikwa na vibao viwili vidogo vya mti mgumu, kimoja kila upande, na nyuma yake kuna beringi moja inayouzuia usirudi nyuma ubao unaposukumwa. Vibao huliwa, beringi hukwama. Vikifika hapo, msumeno hukata unakotaka wenyewe. Mzee alipasua mwembe zaidi, mti laini. Lakini mafuriko yalipobeba vitanda na milango ya watu, Fondo alipata kazi kuliko alizowahi kupata baba yake, na mti uliokuwa karibu ni mathenge, ule wa miiba ulioyavamia malisho yetu. Mathenge ni mgumu kama mfupa. Mashine ikaanza kupiga kelele, na mbao zikawa zinatoka nene huku na nyembamba kule.

Mkewe, Dama, ndiye aliyesimama upande wa pili wa meza kupokea ubao. Ilimbidi ausukume kwa ubavu, mkono karibu na meno, ili msumeno ufuate mstari. Dama huyu ni msukaji wa mikeka. Ukili wake ulikazana hata mtu akasema unaweza kutekea maji. Siku moja aliuza mikeka yake, akaenda Hola, akarudi na beringi sita ndogo mpya zilizofungwa kwenye karatasi. Akamwita mumewe kwa jina la binti yao, kama alivyozoea.

"Baba Dado, hizi huzunguka pamoja na msumeno. Tatu juu ya meza, tatu chini. Hazisugui, hazipati moto. Harith wa kuchomea vyuma asema atatuundia kishikio, kazi ya nusu siku."

Fondo akaichukua moja, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka muda mrefu bila sauti, naye akaitazama mpaka ikasimama.

"Na vibao vya baba?"

"Si vimeisha?"

"Vimeisha, lakini ni vyake. Niliapa, Dama. Wewe ulikuwepo."

Beringi zikatiwa kwenye mkebe wa misumari, na mkebe ukapandishwa rafuni.

Dama akaja kwangu. Hakukaa hata nilipomsogezea kigoda.

"Shemeji Gona, yeye akusikiza wewe. Mwambie. Msumeno ule siku ukikata mtu, utanikata mimi."

Hapa ndipo penye lawama yangu. Nilimjibu hivi, na Mungu anisamehe: "Shemeji, kitu cha marehemu hakichezewi. Kimedumu miaka yote hii, kiharibike leo?" Ukweli ni kwamba nilipenda kuitazama mashine ile ilivyokuwa. Nikiiona, nilimwona Dzombo, na ujana wangu ukiwa pembeni yake. Nikamnyima mwanamke neno moja ambalo lingenigharimu pumzi tu. Dama aliondoka bila kuaga, na tangu hapo hakuniomba tena.

Alimwomba mumewe. Miezi minane alimwomba, kwa upole, kwa ukali, na kwa kununa. Fondo alimpenda mkewe, msidhani hakumpenda. Lakini kila akitaka kufungua vile vibao, alisikia kiapo chake masikioni, akachukua chupa ya mafuta kuvilainisha tu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nikiziba pancha. Walikuwa wakipasua gogo nene la mathenge kwa ajili ya fremu za milango. Nikasikia mashine ikilia, kisha ikanyamaza, kisha Fondo akaita jina la mkewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume. Nilikimbia. Beringi ya nyuma ilikuwa imekwama, utepe ukajipinda ndani ya mti, Dama akauegemea ubao kwa nguvu kuurudisha kwenye mstari, nao ukaachia ghafla. Mkono wake ukaenda na ubao. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, kidole cha shahada na cha kati, havikurudi.

Tulimfunga kwa leso, tukampeleka hospitali.

Siku ya tatu akaja mama yake Fondo, Hawe Kahaso, kutoka Kilelengwani alikohamia kwa bintiye baada ya msiba. Alimtazama mkaza mwanawe kwanza, akalia naye. Kisha akaja karakanani, akainama kwenye mashine, akaviona vile vibao vilivyoliwa mpaka vikawa na shimo.

"Hivi ni vile vile?"

"Ndiyo, Mama," Fondo akasema. "Sijavigusa. Ni kazi ya mikono ya baba."

"Ya baba yupi?" Kikongwe yule akamkazia macho. "Hivi nilivikata mimi. Mwaka wake wa mwisho baba yako hakuweza hata kushika tupa. Mchi wangu wa kutwangia ulikuwa umevunjika, nikakata kipande, nikamfungia, asikae akihuzunika mashine imelala. Alipokuwa mzima alivibadilisha kila mvua zikiisha. Vilivyoliwa alinitupia jikoni, nikachemshia uji. Fondo, wewe umeulinda mchi wangu!"

Sikujua niangalie wapi. Fondo alishika meza kwa mikono miwili.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Siku unaapa nilikuwa ndani nalia. Na tangu siku hiyo, wewe uliniuliza nini kuhusu baba yako? Ulimaliza kumjua peke yako."

Mchana ule Fondo aliushusha mkebe. Yeye na Harith walifanya kazi nusu siku, kama Dama alivyosema, beringi tatu juu na tatu chini. Wakapasua mathenge, na ubao ukatoka umenyooka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyefurahi.

Dama aliporudi nyumbani, mumewe alimpigia magoti mlangoni, mbele yetu sote. "Nisamehe. Nilidhani namtii baba."

Dama alikuwa ameushika mkono wenye bendeji kwa ule mzima. Alisema polepole, na mimi nilisimama karibu, nikasikia kila neno.

"Baba yako hakukuomba kitu hata siku moja. Mimi nilikuomba miezi minane."

Leo wanaishi pamoja, na Dama asema amemsamehe. Lakini mkeka aliokuwa ameuanza uko darini, na amejaribu kuusuka mara mbili, akauweka chini.

FUNZO

Ndugu zangu, kumbukumbu ni tamu, na mimi ni mlevi wake wa kwanza. Basi msikieni mlevi. Ukitaka kumheshimu marehemu, uliza alifanyaje kazi yake, kisha ufanye hivyo; Dzombo angekuwa hai angezifunga beringi zile siku ile ile zilipofika kutoka Hola. Ukiapa kwa uchungu na baadaye ukaona kiapo kinamhatarisha mtu wako, rudi kwa wazee wale wale ukafunguliwe, aibu yake ni ya siku moja. Na wewe jirani unayeombwa useme neno, liseme. Marehemu wetu wamekwisha pumzika na hawadai kitu. Anayesimama upande wa pili wa meza, mkono karibu na meno, ndiye wa kusikilizwa, na asikilizwe angali na vidole vyote.